Frank McWorter, Aliyewakomboa Watu wa Nyumba Yake

Frank alizaliwa mwaka wa 1777 katika South Carolina, mojawapo ya majimbo ya kusini ya Marekani. Mama yake aliitwa Juda, mwanamke wa Afrika ya Magharibi, aliyetekwa akauzwa ng'ambo ya bahari. Bwana wake Juda alikuwa Mzungu, jina lake George McWhorter, na katika ukoo wa Frank wazee wamesimulia siku zote ya kuwa George huyo ndiye aliyekuwa baba wa mtoto. Lakini sheria ya nchi ile haikuuliza baba ni nani. Iliuliza hali ya mama tu. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Mama akiwa huru, mtoto huzaliwa huru. Sheria hii msomaji na aishike vema, maana mengi aliyoyafanya Frank baadaye yalitokana nayo.

Mtumwa hakuwa na jina la ukoo. Huyu aliitwa Frank, basi.

Mwaka wa 1795, Frank alipokuwa kijana wa miaka 18, bwana wake alihamia Kentucky, katika wilaya ya Pulaski, naye akamchukua pamoja naye. Nchi ile ilikuwa bado mwitu. Frank akakata miti, akang'oa visiki, akajenga, akalima, na mavuno yote yakawa ya bwana. Huko alimpata Lucy, mtumwa wa Mzungu mwingine wa jirani, wakaoana mwaka wa 1799. Ndoa yao haikuandikwa katika kitabu cha serikali, kwa kuwa sheria haikuitambua ndoa ya watumwa. Kila mmoja akabaki katika mamlaka ya bwana wake, na watoto waliozaliwa, Judah, Frank, Sally na Solomon, wakawa mali ya yule mwenye Lucy. Baba alipowaona wanawe, aliona mali ya mtu mwingine.

Mwaka wa 1810 hivi George McWhorter akahamia Tennessee, akamwacha Frank aliangalie shamba lake la Kentucky. Kulikuwa na desturi katika nchi ile kwamba bwana aweza kumruhusu mtumwa wake ajipangishe mwenyewe. Mtumwa humlipa bwana kiasi cha fedha walichopatana, na chochote akipatacho zaidi ya hicho hukiweka. Desturi hiyo ilimfaa bwana kwanza, maana alikula bila kufanya kazi. Lakini kwa mtu mwenye akili na subira ilikuwa mlango mdogo, nao Frank akaupita. Mchana alilima shamba la bwana na kufanya kazi za watu. Saa zilizosalia, ambazo wengine walizitumia kwa kulala, alikwenda kutengeneza shura.

Shura ni ile chumvi nyeupe ambayo huchanganywa na makaa na kiberiti cha manjano kufanya baruti. Nchi ya Kentucky ina mapango mengi, na udongo wa mapango yale una shura ndani yake. Namna ya kuitoa ni hii. Udongo huchimbwa kwa taa pangoni, ukatiwa katika masanduku ya mbao yenye matundu chini, kisha ukamwagiwa maji. Maji yakipenya udongo huchukua ile chumvi, yakachuruzika chini katika chombo. Hapo huchanganywa na maji ya majivu ya kuni, halafu huchemshwa katika masufuria makubwa ya chuma kwa muda mrefu, moto usizimike. Yakipungua na kupoa, chembe za shura hujishika pembeni mwa chombo. Ni kazi chafu yenye moshi, nayo yataka kuni nyingi na mgongo wenye nguvu. Lakini haitaki mtaji mkubwa, wala haitaki kujua kusoma. Na Frank hakujua kusoma wala kuandika, hata mwisho wa maisha yake.

Ikawa mwaka wa 1812 Marekani ikaingia vitani na Uingereza, vita vikaendelea mpaka mwanzo wa mwaka wa 1815. Jeshi likataka baruti, na wafanya baruti wakataka shura, bei yake ikapanda. Frank akauza, akaweka. Akauza tena, akaweka tena. Hata alipofika umri wa miaka 40 alikuwa na fedha ambazo watu wengi walio huru hawakupata kuzishika.

Sasa ilikuwapo hesabu ya kupiga, nayo ilikuwa nzito kuliko hesabu yoyote ya kitabuni. Fedha zilitosha kumkomboa mtu mmoja. Amkomboe nani? Kama angejikomboa mwenyewe kwanza, angeweza kufanya kazi saa zote bila kumlipa bwana, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Kama angemkomboa mmojawapo wa watoto, moyo wa mzazi ungetulia kidogo. Frank hakufanya hivi wala vile. Mwaka wa 1817 alitoa dola 800, akamnunua Lucy. Lucy wakati ule alikuwa mja mzito. Kwa sheria ile ile iliyowafanya watoto wanne wa kwanza kuwa watumwa, mtoto aliyekuwa tumboni akazaliwa huru, naye aliitwa Squire. Kadhalika Commodore na Lucy Ann, waliomfuata, walizaliwa huru. Kwa dola 800 Frank alikomboa mke na watoto ambao walikuwa hawajaonekana bado. Sheria ilitungwa kwa faida ya mabwana. Yeye aliigeuza, akaipanda upande wa pili.

Basi kwa muda wa miaka miwili mambo ya nyumba ile yalikuwa hivi: mke huru, mtoto mchanga huru, mume mtumwa, na watoto wanne watumwa.

George McWhorter alikuwa amekwisha kufa, wala hakuacha agizo la kumweka Frank huru. Ilimpasa Frank kupatana na warithi. Mwaka wa 1819 akawalipa dola 800, akajinunua nafsi yake. Kama masimulizi ya ukoo ni kweli, wale waliopokea fedha zile walikuwa ndugu zake wa damu. Mwaka uliofuata watu wa nchi walipohesabiwa, mwandishi alimwandika kwa jina la Frank Huru, kwa kuwa hakuwa na jina la pili. Jina lile likamshika; hata miaka mingi baadaye, katika wilaya nyingine, watu wengi walimwita hivyo.

Alipokuwa huru hakupumzika. Alinunua mashamba, akaendelea na shura. Lakini bei za watu zilikuwa kubwa, na bei ya shura baada ya vita haikuwa kama ile ya kwanza. Katikati ya shida hiyo mwanawe Frank, kijana wa miaka ya ishirini, hakungoja. Mwaka wa 1826 hivi alitoroka, akaenda hata Kanada, ambako mabwana wa Marekani hawakuwa na amri. Kule alikuwa salama, lakini asingeweza kurudi kuwaona wazazi wake bila kukamatwa. Mwaka wa 1829 baba akamwendea mwenye kijana, akatoa mahali pake pa kutengenezea shura, pamoja na vyombo vyake, badala ya uhuru wa mwanawe. Kile kilichomlisha na kumkomboa mke wake na yeye mwenyewe, alikitoa chote kwa mtu mmoja. Kijana akarudi kwa wazazi wake, wala hapana aliyeweza kumdai.

Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa, na mtu mweusi aliye huru aliishi humo kwa wasiwasi. Hati yake ikipotea au ikiibwa, ni nani atakayemsadiki? Frank akaazimu kuhama. Akabadilishana mashamba na daktari mmoja aitwaye Galen Elliott, akapata eka 160 katika wilaya ya Pike, jimbo la Illinois, mahali ambapo hakupata kupaona kwa macho.

Mwaka wa 1830, Frank akiwa na umri wa miaka 53, wakaondoka kwa magari ya kukokotwa: Frank na Lucy, Frank mwana, na wale watatu waliozaliwa huru. Judah, Sally na Solomon wakabaki nyuma, watumwa. Judah na Sally walikuwa watu wazima, nao walikuwa na watoto wao, na watoto hao ni watumwa vile vile. Kuhama kulikuwa ni kuwaacha. Lakini kubaki kusingewakomboa, kwa maana shura ilikuwa imekwisha kutolewa, na njia ya kupata fedha nyingine ilikuwa ni ardhi mpya. Frank na Lucy waliichukua shauri hiyo, wakaenda nayo.

Illinois haikuwa nchi ya utumwa kama Kentucky, walakini sheria zake kwa watu weusi zilikuwa kali. Sheria ya mwaka wa 1829 ilimtaka mtu mweusi aingiaye aonyeshe hati ya uhuru wake, tena awekewe dhamana ya dola 1,000 ili asije akawa mzigo kwa wilaya. Hakuruhusiwa kupiga kura, wala kutoa ushahidi barazani juu ya Mzungu. Na kama sheria za watu zilikuwa ngumu, hali ya hewa nayo haikuwa na huruma. Majira yale ya baridi ya 1830 na 1831, theluji ilianguka Illinois kwa wingi mno, na wazee wa nchi waliyahesabu mambo yao tangu theluji ile, kama watu wa nchi nyingine wahesabuvyo tangu njaa kuu. Jamaa ya Frank walifika kwenye ardhi yao wakati wa machipuko ya mwaka wa 1831.

Wilaya ya Pike ilikuwa changa. Iko kati ya mito miwili mikubwa: mashariki mto Illinois, na magharibi mto Mississippi. Mahali pengi ni mbuga ya nyasi ndefu. Mabondeni kuna miti na vijito, na udongo ni mweusi wenye rutuba. Walowezi wa kwanza, nao ni Ebenezer Franklin na jamaa yake, walikuja mwaka wa 1820. Mwaka ule ule wakaja ndugu wa ukoo wa Ross kutoka mji wa Pittsfield, Massachusetts, wakajenga kijiji cha Atlas karibu na mto Mississippi. Wilaya ilipoundwa mwaka wa 1821 ilikuwa kubwa ajabu, hata kijiji kidogo cha Chicago, kilichoko mbali sana kaskazini, kilihesabiwa ndani yake. Baadaye ilikatwakatwa ikawa wilaya nyingi. Mwaka wa 1833 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Atlas kwenda mji mpya, ukaitwa Pittsfield kwa kukumbuka kule walikotoka akina Ross.

Ardhi ya Pike ilikuwa sehemu ya nchi iliyotengwa na serikali kwa ajili ya askari waliopigana vita vya 1812, kila askari eka 160. Askari wengi hawakuja kulima; waliuza hati zao, na hati zikapita mkono kwa mkono mpaka kwa watu kama daktari Elliott. Hivyo vita vile vile vilivyopandisha bei ya shura mapangoni mwa Kentucky ndivyo vilivyoyakata mashamba ya Pike vipande vipande.

Upande ule baadaye uliitwa Hadley, nao jamaa ya Frank ndio waliokuwa wa kwanza kukaa huko. Hapakuwa na jirani wa kuazima moto. Wakajenga nyumba ya magogo, wakalipasua jani la mbuga kwa plau, na mizizi ya jani lile imefungamana kama mkeka. Wakapanda mahindi, ngano na shayiri. Wakafuga ng'ombe, nguruwe na farasi. Lucy na watoto walifanya kazi pamoja na baba. Hawakuwa na mtumwa wala mtumishi, na kila dola iliyopatikana ilikuwa na mtu wake huko Kentucky.

Mwaka wa 1835, miaka minne tu baada ya kufika, Frank alirudi Kentucky na dola 550 akamkomboa Solomon. Safari ile haikuwa ya amani. Walikuwako wezi wa watu katika njia zile, waliokuwa wakiwakamata watu weusi walio huru, wakazirarua hati zao, wakawauza kusini. Mzee mwenye fedha kifuani na rangi nyeusi usoni alikuwa na sababu mbili za kuviziwa. Alikwenda, akarudi na mwanawe.

Wakati ule nchi yote ya Illinois ilikuwa imeshikwa na homa ya kuanzisha miji. Walowezi walikuwa wakimiminika, na kila mwenye ardhi njiani alikuwa akipima viwanja na kuviuza. Mingi ya miji hiyo ilikuwako juu ya karatasi tu, nayo ilikufa kabla ya kuzaliwa. Frank akanunua eka 80 nyingine za serikali, ambayo iliuza ardhi yake kwa dola moja na robo kila eka. Akamwita mpimaji, naye akapima mji mwaka wa 1836: viwanja 144, kila kimoja futi 60 kwa futi 120, pamoja na njia zake zilizonyoka. Ramani ikapelekwa ikaandikwa katika vitabu vya wilaya. Mji ukaitwa New Philadelphia. Miji iliyojengwa na watu weusi ilikuwapo mingine kabla ya hapo, lakini huu ndio mji wa kwanza Marekani unaojulikana kuwa ulipimwa na kuandikishwa kwa sheria na mtu mweusi, tena miaka 25 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyouvunja utumwa. Yule aliyezaliwa akiwa mali, akaorodheshwa pamoja na ng'ombe na majembe, sasa aliuza viwanja kwa hati, na wanunuzi walikuja kwake.

Lakini mwenye kuuza ardhi hana budi awe na jina. Deni lisipolipwa, ni nani atakayeshtaki? Mpaka ukigombewa, ni nani atakayejibu? Mtu mwenye jina moja tu, lile alilopewa utumwani, alikuwa kama mti usio na mizizi mbele ya mahakama. Frank akapeleka ombi kwa Baraza la Kutunga Sheria la Illinois, lililokutana katika mji wa Vandalia. Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa wajumbe wake siku zile. Watu waliomjua Frank walishuhudia tabia yake njema. Mwaka wa 1837 baraza likapitisha sheria kwa ajili yake peke yake: tangu siku ile aitwe Frank McWorter, na aweze kushtaki na kushtakiwa, kununua na kuuza. Ni jina la bwana wake wa zamani, ila herufi moja imepungua. Mwaka wa 1839 yeye na Lucy wakaoana kwa sheria ya Illinois, baada ya kukaa pamoja miaka 40.

Viwanja viliuzwa polepole kwa watu weusi na Wazungu pia. Akaja mshona viatu, akaja seremala, akaja fundi wa magurudumu, na wachuuzi. Posta ikafunguliwa, na watoto wakapata mahali pa kusoma. Wazungu ndio waliokuwa wengi, na weusi walikaa kati yao, nyumba kwa nyumba, katika njia zile zile. Jambo hilo lilikuwa nadra mno katika Marekani ya siku zile. Wala mahali penyewe hapakuwa pa usalama. Ng'ambo ya mto Mississippi ni jimbo la Missouri, lililokuwa nchi ya utumwa, na mji wa Hannibal uliokuwa na soko la watumwa haukuwa hata mwendo wa siku mbili kwa miguu. Watumwa waliotoroka walivuka mto usiku, na wawindaji wao wakawafuata. Wazee wa ukoo wa McWorter husimulia ya kuwa waliwaficha watoro nyumbani mwao na kuwasindikiza kwenda Kanada. Frank mwana alikuwa akiijua njia.

Fedha za viwanja na za mazao zilikwenda Kentucky kama zamani. Mwaka wa 1843 Frank alikuwa na miaka 66, ndipo Judah na Sally walipokombolewa. Lakini furaha ile ilikuwa na shimo ndani yake. Watoto wa Judah na Sally walizaliwa wakati mama zao wakiwa watumwa, kwa hiyo kukombolewa kwa mama hakukuwafungua. Kila mama alipofika Pike aliacha nyuma watoto wake, kama wazazi wake walivyomwacha yeye. Hesabu ikaanza upya na kizazi cha pili, na sasa bei zilikuwa kubwa kuliko zote. Mzee akaendelea kukomboa, huyu, kisha yule.

Frank McWorter alikufa mwaka wa 1854, mwenye umri wa miaka 77, na kazi haijaisha. Katika wasia wake aliagiza mali itumike kuwakomboa wajukuu waliosalia. Hapo palikuwa na jambo zito. Warithi wangaliweza kugawana mashamba, na hapana mahakama katika Kentucky wala Illinois ambayo ingalihangaika sana kwa ajili ya watumwa wachache walioko mbali. Tena sheria mpya ya Illinois ya mwaka wa 1853 ilikataza kabisa watu weusi wengine wasiingie kukaa katika jimbo lile, nayo ilidumu mpaka mwaka wa 1865. Hata hivyo Solomon na Commodore, mmoja aliyenunuliwa na baba yake, na mmoja aliyezaliwa huru kwa sababu mama yake alinunuliwa kwanza, waliutimiza wasia. Kazi ilimalizika mwaka wa 1857. Tangu Lucy mpaka mjukuu wa mwisho, pamoja na Frank mwenyewe, waliokombolewa walikuwa watu 16, na fedha zilizotolewa zapata dola 14,000.

Lucy alikaa miaka 16 baada ya mumewe. Aliuona mwisho wa utumwa katika Marekani yote mwaka wa 1865, na mwaka huo New Philadelphia ilikuwa na watu wapatao 160, wingi ambao mji ule haukuupita tena. Miaka minne baadaye, yaani mwaka wa 1869, njia ya gari la moshi ilijengwa katika wilaya. Haikupita mjini, ilipinda ikapita upande wa kaskazini, maili moja hivi. Mji wa mbugani ambao gari la moshi limeuacha haukosi kunyauka. Wachuuzi wakahamia mahali penye stesheni, mafundi wakawafuata. Lucy akafa mwaka wa 1870. Mwaka wa 1885 sehemu kubwa ya mji ikafutwa katika vitabu vya wilaya, na plau ikarudi juu ya viwanja vilivyopimwa mwaka wa 1836.

Kwa miaka mingi ukoo na majirani ndio waliolitunza jina la mji ule. Mwaka wa 1983 mtaalamu mmoja wa historia, mwanamke wa uzao wa Frank na Lucy, alitoa kitabu juu ya maisha ya mzee wake, akikitegemeza juu ya hati za mahakama, za ardhi na za mauzo ya watumwa. Mwaka wa 1988 kaburi la Frank likaandikwa katika orodha ya serikali ya mahali pa kuhifadhiwa. Kisha tangu mwaka wa 2002 wachimbaji wa mambo ya kale walikuja shambani, wakapima tena njia zile, wakachimba, wakapata misingi ya nyumba, misumari, vifungo vya nguo na vigae vya sahani. Mwaka wa 2009 mahali pale pakatangazwa kuwa ukumbusho wa historia ya taifa, na Desemba mwaka wa 2022 pakatiwa katika hifadhi za taifa la Marekani.

Frank na Lucy wamezikwa karibu na mji wao, katika makaburi madogo ya watu weusi. Watoto wao waliozaliwa utumwani na watoto wao waliozaliwa huru walikaa Pike, wakalima, na vizazi vyao bado vimo katika nchi ile.